Alizeti za Pervomaisk na deni la Marekani

Juni 1996, mawaziri watatu wa ulinzi walikutana nje ya mji wa Pervomaisk, kusini mwa Ukraine. Walikuwa William Perry wa Marekani, Pavel Grachev wa Urusi na mwenyeji wao, Valeriy Shmarov. Walishika koleo, wakachimba, wakapanda alizeti. Eneo lile lilikuwa kambi ya makombora ya nyuklia. Miezi michache nyuma, chini ya udongo uleule lilikuwapo shimo la kombora lililolenga miji ya Marekani. Kombora liliondolewa, shimo likalipuliwa na kufukiwa, na sasa viongozi wa nchi tatu walikuwa wameinama wakifukia mbegu za mafuta ya kupikia.

Tangu Urusi iivamie Ukraine Februari 2022, mkoa wa Mykolaiv, ulimo mji huo, umepigwa makombora ya Urusi mara nyingi.

Kati ya alizeti zile na makombora haya kuna karatasi moja. Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Ukraine ilijikuta na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900. Lilikuwa ghala la tatu kwa ukubwa duniani, kubwa kuliko la Uingereza, la Ufaransa au la China. Desemba 5, 1994, mjini Budapest, Rais Leonid Kuchma wa Ukraine alikubali kuziachia silaha hizo. Boris Yeltsin wa Urusi, Bill Clinton wa Marekani na Waziri Mkuu John Major wa Uingereza wakatia saini zao kando ya yake. Waliahidi kuheshimu uhuru na mipaka ya Ukraine, kutotumia nguvu wala vitisho dhidi yake, na kutoibana kiuchumi. Kufikia Juni 1, 1996, kichwa cha mwisho kilikuwa kimeshavuka mpaka kwenda Urusi kuvunjwavunjwa.

Wanasheria wa Washington walikuwa waangalifu na maneno. Ukraine ilitaka dhamana, ikapewa hakikisho. Aliyewahi kumwekea ndugu yake dhamana mahakamani anaijua tofauti yake: mshtakiwa akitoroka, mdhamini ndiye anayeitwa. Aliyetoa hakikisho hubaki kutoa pole.

Wapo wanaosema Ukraine haikupoteza kitu, maana namba za siri za kufyatulia makombora yale zilikuwa Moscow. Kwa siku ile ya mwaka 1994 hilo ni kweli. Lakini nchi iliyokuwa na wahandisi wake na kiwanda kikubwa cha makombora mjini Dnipro isingeshindwa milele kufungua kufuli iliyokuwa sebuleni kwake. Washington ililijua hilo, ndiyo maana iliisukuma Kyiv kwa bidii mpaka ikakubali. Clinton mwenyewe, akihojiwa mwaka 2023, alieleza kuwa anaubeba moyoni uamuzi ule kwa sababu ni yeye aliyewashawishi Waukraine waachie silaha zao.

Ahadi ni deni. Msaada wa Marekani kwa nchi ya kidemokrasia iliyovamiwa mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni sadaka, kitu cha kutolewa mtoaji akiwa na nafasi na kusitishwa akichoka. Kwa Ukraine, hilo si kweli. Ni deni lenye tarehe na sahihi, na namna linavyolipwa au kukwepwa itaamua ni nchi ngapi ndogo zitakazokubali tena kuweka silaha chini kwa neno la mkubwa.

Historia imekwisha kuonyesha kinachotokea mkubwa anapogeuza uso. Oktoba 1935, Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Ethiopia ilikuwa milki ya kifalme, si demokrasia, lakini ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, na kanuni iliyovunjwa ni ileile: nchi haichukuliwi kwa bunduki. Marekani haikuwamo katika shirikisho hilo. Agosti mwaka ule, sheria yake mpya ya kutoegemea upande ilipiga marufuku kuuza silaha kwa yeyote aliye vitani. Kwenye karatasi ilionekana haki, wote wanyimwe. Lakini Italia ilikuwa na viwanda vyake vya ndege, vya mizinga na vya gesi ya sumu. Ethiopia ilitegemea silaha za kununua ng'ambo. Marufuku ya wote ikamuumiza mmoja. Mafuta, yaliyoendesha malori na ndege za Mussolini, hayakuwekewa vikwazo na Shirikisho, na Marekani haikuyazuia kisheria.

Juni 30, 1936, Haile Selassie alisimama mbele ya wajumbe mjini Geneva akaeleza jinsi gesi ilivyowaunguza watu wake. Wajumbe walimsikiliza, na siku chache baadaye vikwazo dhidi ya Italia vikaondolewa. Ethiopia ilikombolewa mwaka 1941, na miongoni mwa walioingia humo wakitokea Kenya walikuwamo askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland. Gharama ya wakubwa kutoegemea upande ililipwa na watoto wa watu waliokuwa mbali kabisa na Geneva.

Somo lilieleweka, ingawa kwa kuchelewa. Desemba 17, 1940, Uingereza ikiwa imebaki karibu peke yake mbele ya Hitler na hazina yake ikikauka, Rais Franklin Roosevelt aliwapigia waandishi wa habari mfano. Nyumba ya jirani inaungua, nawe una mpira wa kumwagilia bustani. Humwambii jirani alipe kwanza bei ya mpira. Unampa auzime moto, akimaliza akurudishie. Mtu aliyekulia uswahilini, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, hahitaji kuelezwa mfano huo mara mbili. Moto hauulizi hati ya kiwanja.

Machi 11, 1941, miezi tisa kabla Marekani yenyewe haijashambuliwa, Roosevelt alitia saini sheria ya kuazimisha silaha. Hadi vita vinakwisha, vitu vya thamani ya dola bilioni 50 hivi vilikuwa vimepelekwa kwa nchi zaidi ya 30. Umoja wa Kisovieti ulikuwa mmoja wa wapokeaji wakubwa. Askari wa Kirusi na wa Kiukraine walisafiri bega kwa bega kuelekea Berlin ndani ya malori ya Kimarekani aina ya Studebaker.

Mjini Berlin kwenyewe, wajibu wa dola kuu ulionekana kwa sura nyingine. Juni 24, 1948, Stalin alifunga barabara, reli na njia za maji zilizoingia Berlin Magharibi. Watu zaidi ya milioni mbili wakabaki kisiwani, pande zote wamezungukwa. Marekani na Uingereza zingeweza kuondoka, au zingeweza kupasua njia kwa vifaru na kuwasha vita vipya. Zikachagua la tatu: kuulisha mji kwa ndege. Unga, maziwa ya unga, na zaidi ya yote makaa ya mawe yalibebwa angani usiku na mchana. Hadi operesheni inafungwa Septemba 1949, zilikuwa zimefanyika safari zaidi ya 277,000 na kushushwa tani zaidi ya milioni 2.3.

Rubani mmoja, Gail Halvorsen, aliwakuta watoto nje ya uzio wa uwanja wa Tempelhof. Hawakumwomba kitu. Alikuwa na vipande viwili tu vya chingamu mfukoni, akawapa. Watoto walivigawa vipande vidogo vidogo, na waliokosa wakapokezana karatasi yake wainuse. Halvorsen aliahidi kurudi na zaidi. Kesho yake na siku zilizofuata aliwadondoshea pipi akiwa angani, zimefungwa kwenye leso zilizogeuzwa kuwa miavuli midogo, na marubani wenzake wakamuiga. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, ndege za nchi hiyohiyo zilikuwa zikiuangushia mji uleule mabomu. Mei 12, 1949, Stalin alifungua njia. Ndege zile hazikufyatua hata risasi moja.

Kuna mfano wa karibu zaidi, nao unatokea mwaka uleule wa alizeti. Machi 1996, Taiwan ilijiandaa kumchagua rais wake kwa kura ya wananchi kwa mara ya kwanza. China ikarusha makombora baharini karibu na bandari za kisiwa hicho ili kuwatisha wapiga kura. Clinton alituma misafara miwili ya manowari za kubeba ndege. Kura zikapigwa, Lee Teng-hui akashinda kwa asilimia 54, na hakuna aliyekufa.

Mwalimu Julius Nyerere, akilihutubia taifa Novemba 1978 baada ya majeshi ya Idi Amin kuliteka eneo la Kagera, alitaja mambo matatu ambayo Tanzania ilikuwa nayo: uwezo wa kumpiga mvamizi, sababu ya kumpiga, na nia ya kumpiga. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitaka kusuluhisha bila kumlaani aliyevamia, na Tanzania ikajikomboa kwa jasho na damu yake. Ukiipima Marekani ya leo kwa mizani hiyo kuhusu Ukraine, mambo mawili yapo tele. La tatu ndilo linaloyumba.

Uwezo upo. Kati ya Februari 2022 na Januari 2025, Marekani iliipa Ukraine msaada wa kijeshi wa thamani ya dola bilioni 66 hivi. Ni fedha nyingi, lakini bajeti ya ulinzi ya Marekani hupita dola bilioni 800 kwa mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya fedha hizo hata haikuondoka Marekani: makombora ya Javelin huunganishwa Troy, Alabama, na makombora ya mizinga hutengenezwa Scranton, Pennsylvania. Na hakuna kikosi cha Marekani kilichopelekwa kupigana. Wanaokufa kwenye mahandaki ni Waukraine wenyewe.

Sababu ipo pia, tena nzito. Mbali ya ahadi ya Budapest, kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya mipaka ya nchi nyingine. Na kuna serikali iliyochaguliwa kwa kura, inayoomba msaada kwa sauti yake yenyewe.

Nia ndiyo imekuwa ikipanda na kushuka kama maji ya bahari. Mwaka 2014, askari wasio na alama za jeshi lao walipoiteka Crimea na Urusi kuitangaza kuwa yake Machi 18, serikali ya Barack Obama iliweka vikwazo lakini ikakataa kutoa silaha za kuua. Ilituma chakula cha askari, mablanketi na miwani ya kuonea usiku. Septemba mwaka huo Rais Petro Poroshenko alisimama mbele ya Bunge la Marekani, akashukuru, kisha akawaambia kuwa vita havishindwi kwa mablanketi. Moscow ilisikiliza ukimya uliofuata. Javelin za kwanza zilifika mwaka 2018, na uvamizi kamili ukaja Februari 24, 2022.

Hapo Marekani iliamka. Javelin zilisaidia kuuzuia msafara wa vifaru uliokuwa ukielekea Kyiv. Mitambo ya kurushia roketi ya HIMARS ilipofika Juni 2022, maghala ya risasi ya Urusi yaliyo nyuma ya mstari wa mbele yakaanza kulipuka moja baada ya jingine. Septemba, Ukraine ikarudisha sehemu kubwa ya mkoa wa Kharkiv, na Novemba 11 askari wake wakaingia mji wa Kherson huku wakazi wakiwakumbatia barabarani.

Lakini hata katika miaka hiyo mizuri, kila silaha ilipitia njia ileile: kukataliwa, kujadiliwa, kukubaliwa, kufika kwa kuchelewa. Vifaru vya Abrams viliahidiwa Januari 2023, vikaanza kuwasili Septemba, wakati Warusi walikuwa wameshatega mabomu ya ardhini na kuchimba mahandaki kusini kote. Ndege za F-16 zilionekana kwenye anga la Ukraine Agosti 2024, zaidi ya miaka miwili tangu ziombwe.

Kibaya zaidi kilikuwa miezi sita ya danadana bungeni. Oktoba 2023, Ikulu ya Marekani iliomba fedha mpya kwa ajili ya Ukraine. Viongozi wa Baraza la Wawakilishi hawakuuleta muswada mezani. Vikosi vya mizinga vya Ukraine vikaanza kuhesabu kila kombora, huku adui akipiga bila kuhesabu. Februari 17, 2024, Ukraine iliondoa askari wake katika mji wa Avdiivka, uliokuwa ngome yake kwa takriban miaka kumi. Kura ilipopigwa hatimaye Aprili 20, wabunge 311 waliunga mkono na 112 wakapinga. Wingi ule ulikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni kura yenyewe kuitishwa.

Mwaka 2025 ukaleta jambo ambalo wengi hawakudhani wangeliona. Februari 24, katika kumbukumbu ya miaka mitatu ya uvamizi, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kuiunga mkono Ukraine. Marekani ilipiga kura ya kupinga, upande mmoja na Urusi. Siku nne baadaye Rais Volodymyr Zelensky alikaripiwa mbele ya kamera ndani ya ofisi ya Rais Donald Trump. Machi 3 msaada wa silaha ulisimamishwa, na hata taarifa za kijasusi zikakatwa, kabla ya kurejeshwa Machi 11 baada ya mazungumzo ya Jeddah. Baadaye ukaja utaratibu wa nchi za Ulaya kununua silaha za Marekani na kuipelekea Ukraine. Ni nafuu, na Ulaya inastahili kubeba mzigo mkubwa zaidi kwa kuwa moto uko uani kwake. Lakini aliyeuza mpira wa maji wakati nyumba inaungua hajafanya alichokifanya Roosevelt.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza swali gumu: Marekani hii ndiyo ya kutetea demokrasia za wengine? Mkongo anakumbuka kwamba uchunguzi wa Seneti ya Marekani yenyewe, mwaka 1975, ulithibitisha kuwa CIA ilipanga kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyetokana na uchaguzi, na kwamba Mobutu, aliyetwaa madaraka baadaye, alilelewa na Washington kwa miongo mitatu. Muirani anamkumbuka Waziri Mkuu Mossadegh, aliyepinduliwa kwa mkono wa CIA mwaka 1953. Mwiraki anaukumbuka mwaka 2003, alipovamiwa kwa kisingizio cha silaha ambazo hazikupatikana. Makosa hayo ni ya kweli, na damu yake haijafutika.

Lakini yatazamwe yanafanana wapi. Katika yote hayo, Marekani ndiyo iliyokuwa ikivunja uamuzi wa watu wengine, kwa hila au kwa jeshi. Hakuna raia waliopiga kura wakaomba wafanyiwe vile. Ukraine ni kinyume chake kabisa: nchi iliyovamiwa inaomba, watu wake ndio wanaopigana, na sheria ya kimataifa iko upande wao. Aliyewadhulumu Wakongo mwaka 1961 hapunguzi dhambi yake kwa kuwatelekeza Waukraine leo. Anaongeza ya pili.

Wapo pia wanaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia mwaka 2022 ilijibu hoja hiyo katika kila duka la mtaani, Mombasa hadi Bujumbura. Mbolea ilipanda kiasi kwamba Septemba mwaka huo serikali ya Kenya iliamua kuuza mfuko wa kilo 50 kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500, na Tanzania ilikuwa imezindua ruzuku yake mwezi mmoja kabla.

Na kuna mipaka yetu. Usiku wa Februari 21, 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, Balozi Martin Kimani wa Kenya aliliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa London, Paris na Lisbon bila kujali watu iliowatenganisha, na kwamba Waafrika waliamua kuishi nayo badala ya kupigana milele kwa kuangalia nyuma. Alijua anachokisema. Wamasai wako Kenya na Tanzania, Wasomali wako nchi kadhaa. Kanuni inayoilinda Ukraine ndiyo inayozuia nchi zetu zisigeuzwe mashamba ya kugombaniwa. Siku chache baadaye, Machi 2, nchi 141 ziliulaani uvamizi katika Umoja wa Mataifa. Kenya, Rwanda na Kongo zilikuwamo. Tanzania, Uganda na Burundi hazikuegemea upande wowote.

Mkazi wa Goma naye ana neno. Mji wake ulipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, dunia ilichukua wiki kadhaa hadi Baraza la Usalama, kwa azimio 2773 la Februari 21, kulitaka jeshi la Rwanda liache kuwasaidia waasi hao na liondoke Kongo. Marekani iliunga mkono azimio hilo, na Juni 27 ikasimamia makubaliano kati ya Kinshasa na Kigali mjini Washington. Neno la dola kuu lina uzito hata lisipofuatana na ndege. Linapungua uzito mkubwa huyohuyo anapoonekana akiitaka Kyiv ilipe kwa ardhi yake ili amani ipatikane.

Wanaofuatilia kwa makini kuliko wote huenda ni wale wenye silaha za nyuklia na wale wanaozitamani. Afrika Kusini iliyavunja mabomu yake sita, Kazakhstan ikaziachia silaha zake kama Ukraine, na dunia ikawa salama zaidi. Korea Kaskazini ilikataa. Ikiwa aliyeachia anamegwa vipande na aliyekataa anaogopwa, hakuna waziri wa ulinzi wa nchi ndogo atakayekwenda tena kupanda alizeti juu ya shimo la kombora.

Kinachotakiwa kinajulikana. Bunge la Marekani lipitishe msaada wa kijeshi kwa Ukraine wa miaka kadhaa kwa pamoja, ili mizinga isinyamaze kila wabunge wanapogombana. Mitambo ya kuangusha makombora ipelekwe kabla ya majira ya baridi, si baada ya mitambo ya umeme kuharibiwa. Makubaliano yoyote ya kusitisha vita yaje na dhamana yenyewe, iliyoandikwa kwa neno hilo na kuidhinishwa na Seneti, kwa kuwa hakikisho limekwisha kujaribiwa. Serikali za Afrika Mashariki zilizonyamaza mwaka 2022 zisimame na kanuni inayozilinda zenyewe kila kura inapoitishwa New York. Na Waswahili waliokwisha kuwa raia wa Marekani, walioko Minneapolis, Dallas au Columbus, wana kura katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi kila baada ya miaka miwili. Wampigie simu mbunge wao wiki hii, wamuulize anasimama wapi kuhusu karatasi ambayo rais wa nchi yao aliitia saini Budapest.